Kopo

Mimi ndiye ninayepiga kafi kando yako, Tumwine,
daftari nimelivika nailoni, saa imenibana mkononi,
na kila baada ya nusu saa nakunyooshea chupa kwa kijiti,
kwa kuwa ukishika mtumbwi tu, safari imeharibika.
Kwa hiyo najua ulichomeza. Nimekiandika chote.

Machi: vidonge vya chuma, vyekundu,
alivyokupa nesi Kemirembe baada ya kukutoa damu
na kuisoma, na kutikisa kichwa:
kimoja kwa siku, na maharagwe, na mchicha,
usimeze na chai.
Ulimeza na chai. Hilo nalo lipo.

Mei ukaenda Kabale mjini,
ukarudi na kopo kubwa kama kichwa cha ndama,
picha ya mtu asiye na shingo,
maandishi ya dhahabu, kijiko kimezama ndani ya poda.
Laki tatu na ushee.
Mbuzi wawili hao, nikasema.
"Mbuzi hawaogelei," ukanijibu,
na kweli, nikakosa la kusema.

Usiku, wewe umelala, nikaona stika ya tarehe
imebandikwa juu ya stika nyingine.
Nikaikwangua kwa ukucha.
Chini yake palikuwa na mwaka
ambao sisi sote tulikuwa tumeshaumaliza.
Asubuhi nikakuonyesha.
Ukakoroga, ukanywa, ukafuta mdomo.

Na kile kidonge cheupe,
kisicho na jina, kisicho na karatasi,
ulichopewa na rafiki wa bwawani Entebbe:
"Niwekee. Nitakiomba nikizidiwa."
Nikakitia mfuko wa koti, kwenye kipande cha gazeti.
Wakikupima mkojo utawaambia nini, Tumwine?
Utawatajia rafiki?

Muko, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umelalia Bunyonyi kama blanketi la hospitali,
sikuoni, nasikia mikono yako tu:
pwa, pwa, kisha kimya cha pumzi, kisha pwa.
Rutinda iko mbali hata kwa anayekaa.

Maili ya tano ulisimama wima majini
ukaitapika poda yote, nyeupe, nyepesi,
na visamaki vikaja mbio, vikafuturu laki tatu.
Nilicheka. Samahani. Nilicheka kwa woga.
"Bushera," ukasema, meno yakigongana.
Nikakupa ya mama, ya siku mbili, imeanza kuuma ulimi.
Usinisingizie kwamba ilikuponya:
ulicheua hadi tukakipita kisiwa cha Bwama,
ukinitukana mimi, na mtama, na ukoo mzima.

Lakini ulikwenda.
Kwa nini hasa, daftari halijui.
Labda chuma, pamoja na chai yake.
Labda viazi vya jana. Labda zile alfajiri za mvua
nilizoziandika pembeni kwa penseli,
ambazo hukuwahi kuniomba nikusomee.

Kisha, nyumba za Rutinda zikionekana, mabati yanawaka,
ukageuza uso, midomo ya buluu, ukasema:
"Sasa. Kile."
Nikatia mkono mfukoni. Nikakigusa.
"Kimelowa," nikasema. "Kimeyeyuka."
Ukanitazama kama mtu aliyeibiwa sokoni,
ukazamisha uso, ukaendelea.
Hilo ndilo pekee sikuliandika.

Umefika, umelala, watu wamekufunika makoti.
Sasa ni mwezi wa pili, unajitayarisha upya,
unaniuliza kopo liko wapi, unataka kusoma jina
ununue jingine.
Kopo liko mtumbwini. Mtumbwi unavuja pale kwenye fundo;
nimelifanya upo, nafulia maji,
mtu asiye na shingo anainama na kuinuka, anainama na kuinuka,
kwa mara ya kwanza anafanya kazi.

Na kile kidonge kipo.
Kikavu. Kwenye gazeti lake.
Njoo ukichukue, au tukitupe wote wawili,
lakini nisome kwanza mpaka hapa.